Uvira: Donge kooni si karuho, wala jirani si adui

UVIRA, Kivu ya Kusini – Yapo malalamiko ambayo mtu huyasema kwa sauti ya chini, mkono ukiwa umeshika shingo. Anasema kuna kitu kimekaa kooni. Hakishuki wala hakipandi. Akimeza mate, kipo. Akikohoa ili akitoe, kipo. Lakini akila bugali na sombe, chakula kinapita vizuri, na kwa muda kile kitu kinasahaulika. Sahani ikishaondolewa, kinarudi. Jioni kinazidi, na usiku, nyumba yote ikiwa imelala, kinakaza mpaka mwenyewe anaogopa kwamba pumzi itakatika.

Katika mitaa ya Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, swali analoulizwa mtu kama huyo mara nyingi si “ulianza lini kusikia hivyo?” Ni “ulikula kwa nani?” Swali hilo fupi lina nguvu ya kuvunja nyumba, nguvu ambayo donge lenyewe halina.

Ukweli wa mambo unapaswa kusemwa wazi. Donge la namna hiyo, linalosikika wakati wa kumeza mate na kutulia wakati wa kula, kwa kawaida si sumu, si uchawi na si kansa. Ni koo lililokaza, mara nyingi kwa sababu ya hofu, majonzi au asidi inayopanda kutoka tumboni. Anayelihisi anastahili kusikilizwa na kupimwa. Hastahili kutapishwa, kukatwa kinywani, wala kuonyeshwa adui. Na zipo dalili chache zinazobadilisha habari yote, ambazo kila nyumba inapaswa kuzijua.

Familia mbili, chungu kimoja

Tangu Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, watu wa bonde la Ruzizi wameishi mizigo ikiwa imefungwa. Wengine walitoka Kamanyola, Luvungi na Sange wakaja Uvira. Desemba 2025, waasi wa M23 walipoingia Uvira yenyewe, maelfu walivuka mpaka kwenda Burundi, na wengine wakashuka kando ya ziwa kuelekea Makobola, Mboko na Baraka. Na kabla ya hapo mji ulikuwa tayari na watu waliopoteza nyumba kwa maji: mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, na miaka iliyofuata ziwa Tanganyika lilipopanda na kuingia vyumbani mwa walio kandokando.

Wengi wa wahami hawakai kambini. Wanakaa kwa watu: kwa shangazi, kwa muumini mwenzao, kwa mtu waliyefahamiana njiani. Familia mbili au tatu zinapika katika chungu kimoja na kulala katika sebule moja. Chakula ni kidogo, maneno ni mengi. Katika nyumba ya namna hiyo mtu mmoja akianza kusikia kitu kooni, anahesabu siku na kukuta kwamba kilianza alipofika hapo. Kuhusu siku, ana haki. Kuhusu sababu, anakosea. Kilichotokea kabla ya siku hizo ni safari nzima: risasi, mtoto aliyepotea njiani kwa saa nne, ndugu aliyezikwa bila matanga, usiku wa kwanza kwenye sakafu ya darasa. Haya yote yalimfikia kabla ya kijiko cha kwanza cha sombe ya mwenyeji wake.

Lakini Kivu ina neno lake tayari kwa jambo lisiloeleweka kooni na tumboni: karuho, sumu ya polepole ambayo watu husema huwekwa katika chakula au kinywaji. Neno likishatamkwa, kinachofuata kinajulikana. Mgonjwa anapelekwa kwa mganga wa kienyeji anywe dawa ya kutapisha. Au anapelekwa kwenye chumba cha maombi, ambako jina la aliyemwekea litatajwa. Na jina hilo karibu kila mara ni la mtu dhaifu: mama mjane, bibi mzee, mke wa pili, mgeni asiye na ukoo mjini.

Hili si jambo la kucheka. Mwaka 2021 vyombo vya habari viliripoti kuuawa kwa wanawake kadhaa katika jimbo hilihili la Kivu ya Kusini, wakishutumiwa uchawi, baadhi yao wakichomwa moto. Shutuma huanza na jambo ambalo halikupata maelezo: homa, mtoto aliyefariki, ndoto, donge kooni. Kila jambo linalopata maelezo ya kweli linamwondolea mtu mmoja hatari hiyo.

Hakuna anayekataa kwamba sumu ipo. Dawa ya panya ipo, dawa ya kunyunyizia mashamba ipo, na watoto huzinywa kwa bahati mbaya. Lakini sumu hizo zina tabia zake: kutapika, kutokwa na jasho na mate mengi, tumbo kukata, kupumua kwa shida, kulegea au kupoteza fahamu, na mara nyingi yote hayo huja ndani ya dakika au saa chache. Mtu aliyepatwa na hayo apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kopo au karatasi ya kitu alichokunywa, bila kulazimishwa kutapika. Anayekula vizuri, anayefanya kazi zake, na ambaye kwa wiki sita amekuwa akisikia mpira kooni kila anapomeza mate, habari yake ni tofauti kabisa.

Kinachotokea ndani ya koo

Nyuma ya kikoromeo, pale juu ya njia ya chakula, kuna msuli wa duara kama pete. Kazi yake ni kukaa umefungwa wakati mtu hali, ili hewa isiingie tumboni na vitu vya tumboni visipande mpaka kinywani. Mtu akimeza, unafunguka kwa muda mfupi sana, chakula kinapita, unafunga tena. Mtu mwenye hofu hukaza mabega, hukaza taya, na msuli huu nao hukaza. Ukikaza kupita kawaida, mwenyewe anasikia kitu kimekaa pale, ingawa hakuna kitu. Ni kama misuli ya mguu inavyoshikana mtu anapoogelea, isipokuwa hapa mwenye koo haoni cha kusugua.

Ndiyo maana chakula kinapita. Bugali unapofika, pete inafunguka na kulegea, na raha inakuja kwa muda. Mate peke yake ni machache, hayana uzito wa kuifungua vizuri. Anayetaka kuhakikisha amwombe mtu mzima yeyote nyumbani ameze mate mara tano mfululizo, haraka haraka, bila maji. Kufikia mara ya nne au ya tano koo linagoma, na mtu ambaye hakuwa na tatizo lolote anasikia donge. Anayehofia koo lake anafanya jaribio hilo siku nzima bila kujua: anameza ili aone kama kitu bado kipo, na kumeza kwenyewe kunakileta.

Pumzi nayo haiko hatarini. Hewa inapita kwa mbele, katika njia yake, na pete hiyo iko nyuma. Ndiyo sababu mtu anayesema “kinanikaba” anaweza kuimba kwaya nzima Jumapili.

Sababu ya pili ni asidi ya tumbo. Si lazima mtu asikie kiungulia kifuani. Asidi kidogo ikifika juu usiku inachubua koo na kuufanya ule msuli ukaze ili kujikinga. Na maisha ya wahami yametengenezwa kana kwamba ni kwa ajili ya asidi: mlo mmoja kwa siku, unaopatikana saa mbili au saa tatu za usiku, unaoliwa kwa haraka na kwa wingi kwa sababu kesho haijulikani, kisha mtu analala chali sakafuni papo hapo kwa kuwa hakuna pengine pa kukaa. Ongeza pilipili kali, kahawa, tumbaku, kasiksi au kanyanga. Ongeza pia vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo watu hununua kimoja kimoja na kumeza tumboni kukiwa hakuna kitu.

Sababu nyingine ni makamasi yanayoshuka nyuma ya pua, moshi wa makaa na kuni katika chumba kisicho na dirisha, na ile tabia ya kukwaruza koo, “khm, khm”, kila dakika. Kukwaruza kunavimbisha koo, na uvimbe huo unaleta hamu ya kukwaruza tena.

Maradhi ya zamani, lawama za zamani

Hali hii haikuanza na vita vya Kivu. Madaktari wa Ugiriki ya kale waliiandika miaka kama 2,500 iliyopita. Jina lake la kitabibu ni globus, neno la Kilatini lenye maana ya kitu cha mviringo kama mpira. Mwaka 1707 daktari Mwingereza John Purcell aliieleza kwa kirefu, na kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa wanawake wenye “histeria”, neno linalotokana na jina la Kigiriki la tumbo la uzazi. Ni mwaka 1968 tu ndipo daktari mwingine, Malcomson, alipopendekeza jina lisilo na tusi ndani yake, baada ya kuona kwamba wengi wa wagonjwa hao hawakuwa na histeria yoyote. Tafiti kwa watu wenye afya njema zimeonyesha kwamba hadi 46 kati ya 100 wamewahi kusikia donge hilo wakati fulani, wanaume kwa wanawake.

Historia hiyo ina somo kwa Uvira. Huko kwao walimlaumu mwanamke kwa mwili wake. Hapa analaumiwa mwanamke aliyepika. Na muuguzi anayemwambia mgonjwa “huna kitu, ni mawazo tu” anarudia kosa lile la zamani kwa adabu zaidi. Mgonjwa anatoka kituoni akiwa amedharauliwa, na anakwenda moja kwa moja kwa yule atakayemwamini, yaani kwa mtapishaji. Koo limekaza kweli. Msuli wenyewe ni wa nyama, si wa kufikirika. Majonzi yanaweza kuukaza kama yanavyoweza kutoa machozi, na hakuna anayesema machozi ni ya uongo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo ya vita mtu mmoja kati ya watano anaishi na tatizo fulani la afya ya akili, kuanzia hofu na huzuni nyepesi hadi magonjwa mazito. Kwa mji kama Uvira hesabu hiyo ina maana kwamba karibu kila sebule iliyopokea wahami ina mtu wa namna hiyo. Baadhi yao hawatasema “nina huzuni.” Watasema “kuna kitu kooni.”

Dalili zinazobadilisha habari

Kumtuliza mtu bila kumwuliza maswali ni uzembe. Donge la kawaida liko katikati ya koo, haliumi, linakuja na kuondoka, na chakula kinapita. Yafuatayo hayamo katika habari hiyo, na anayeyapata asingoje:

– Chakula kinakwama. Kwanza bugali na nyama, baadaye uji, mwishoni hata maji.
– Kumeza kunauma, au maumivu yako upande mmoja tu na yanafika sikioni.
– Mwili unakonda bila sababu, zaidi ya njaa anayoshiriki kila mtu nyumbani.
– Sauti imekauka kwa zaidi ya wiki tatu.
– Anatema au kutapika damu, au choo ni cheusi kama lami.
– Kuna uvimbe unaoonekana au kushikika shingoni.
– Anatapika mara kwa mara, au chakula na maji vinamwingia kwenye njia ya hewa akala akikohoa.
– Mtoto ana homa, shingo imevimba, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza, au anapumua kwa kelele. Huyo apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kansa ya njia ya chakula si jambo la mbali. Ukanda wa Afrika ya Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Afrika ya Kusini, una maeneo ambako kansa hiyo hupatikana mara nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani iliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, katika kundi la vitu vinavyodhaniwa kuleta kansa hiyo. Tumbaku na pombe kali zilijulikana zamani. Chai na uji viachwe vipoe kidogo. Na tofauti ishikwe vizuri kichwani: kwenye kansa chakula kinagoma, kwenye donge la kukaza mate ndiyo yanagoma. Mtu aliyepita miaka arobaini, hasa mvutaji na mnywaji, ambaye donge lake ni jipya na linazidi wiki baada ya wiki, apelekwe hospitali kuu ya Uvira au nyingine iliyo karibu hata kama chakula bado kinapita.

Uvimbe wa shingoni una historia yake jimboni. Kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, kilijulikana duniani tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya rovu. Watafiti, miongoni mwao Wabelgiji François Delange na André Ermans, walionyesha pale kwamba upungufu wa iodini, ukiongezewa muhogo usiosafishwa vizuri, ulivimbisha tezi za watu wa kaskazini mwa kisiwa. Rovu kubwa linaweza kubana koo. Njia rahisi ya kuangalia ni kusimama kwenye mwanga na kunywa maji huku mtu mwingine akitazama shingo kwa mbele: uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na kumeza unatoka kwenye tezi, na unahitaji kuonwa na daktari. Chumvi ya pakiti yenye iodini, iliyohifadhiwa katika chombo chenye kifuniko mbali na jua, na muhogo ulioloweshwa na kukaushwa vizuri, ndiyo kinga ya kila siku.

Mwiba wa samaki

Kando ya ziwa kuna sababu nyingine ambayo kila mtu anaijua. Mwiba wa mukeke au wa samaki mwingine ukichoma koo, dawa ya nyumbani ni kumeza tonge kubwa la bugali bila kutafuna ili kuusukuma. Si dawa nzuri. Tonge linaweza kuuzamisha mwiba ndani zaidi. Mara nyingi mwiba umeshapita, na kinachobaki ni mchubuko, ambao huacha hisia ya kitu kooni kwa siku moja au mbili kisha kutulia. Lakini mtu anayechomwa mahali pamoja kila anapomeza, anayeshindwa kumeza, anayetema damu, au ambaye maumivu hayajapungua baada ya siku moja, mwiba wake huenda bado upo. Huyo aende hospitali, asichokonolewe kwa kidole au kijiti.

Vidonge navyo huchubua. Doksisaiklini, dawa inayotolewa mara kwa mara wakati wa kipindupindu, ikimezwa na funda moja la maji na mtu akalala, inaweza kukwama na kuunguza njia ya chakula. Kidonge chochote kimezwe kwa bilauri nzima ya maji safi, mtu akiwa ameketi au amesimama, na abaki hivyo nusu saa.

Mambo yasiyohitaji faranga

Kwa anayesikia donge la kawaida, bila dalili zile za hatari, kinachosaidia ni rahisi kuliko kinachouzwa. Anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, na kila hamu ya kukwaruza koo au kumeza mate makavu inapomjia, anywe funda moja badala yake. Apige miayo kwa makusudi, mdomo wazi, kisha ashushe mabega na kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko aliyoingiza. Aimbe kwa sauti ya puani, mdomo umefungwa, kama mama anayebembeleza mtoto. Misuli ya koo hulegea kwa hilo. Afanye hayo mara kadhaa kwa siku, hata siku ambazo donge halijaja.

Chakula kikipatikana mapema, mlo mkubwa uwe wa mchana na wa jioni uwe mdogo. Baada ya kula akae kitako saa mbili au tatu kabla ya kulala. Aweke kifurushi cha nguo chini ya mkeka, upande wa kichwa na mabega, ili kifua kiinuke, na alalie ubavu wa kushoto. Apunguze pilipili, kahawa, pombe na sigara. Baada ya wiki nne hivi mabadiliko yanaweza kuonekana. Yasipoonekana, muuguzi au daktari anaweza kumpa dawa ya kupunguza asidi kwa muda maalumu. Donge linaweza kuja na kuondoka kwa miezi, hata kwa miaka, hasa siku za habari mbaya. Kurudi kwake si ishara kwamba limegeuka kansa.

Na yapo ya kuacha. Amoksisilini haina kazi hapa. Koo lililokaza halina vijidudu vya kuuawa. Dawa za kutapisha zinapandisha asidi ileile inayochubua koo, zinamaliza maji mwilini, na zinaweza kumrarua mtu ndani. Kukata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ni desturi inayofanywa katika nchi kadhaa za Afrika, hata kwa watoto wachanga. Kilimi hakina kosa. Wembe wa mkataji unaweza kuleta damu isiyokatika, pepopunda na virusi vya UKIMWI.

Wanaopaswa kubeba mzigo huu

Si haki kumwachia mgonjwa peke yake. Muuguzi wa kituo cha afya hahitaji mashine ili kuanza. Anahitaji dakika kumi na maswali matano: chakula kinapita? kunauma? umekonda? sauti imebadilika? na kabla hakijaanza, kulitokea nini? Kisha aangalie kinywa na aipapase shingo kwa mkono wake. Mtu aliyeguswa shingo na kuelezwa kwa maneno yake mwenyewe kwamba hakuna uvimbe huondoka na nusu ya dawa. Swali la tano linaweza kumpeleka kwa wale wasaidizi wa kisaikolojia wanaojulikana kwa jina la APS, mahali wanapopatikana. Mashirika yanayohesabu magunia ya unga na mabati yahesabu pia wasaidizi hao. Na pale yanapogawa chakula kilichopikwa, yakigawe mapema, jua likiwa bado juu.

Wachungaji na viongozi wa vyumba vya maombi wana sehemu kubwa kuliko wote, kwa sababu wao ndio wanaofikiwa kwanza. Kuombea mgonjwa ni jambo jema. Kumtajia jina la jirani ni kuweka maisha ya mtu mwingine mikononi mwa vijana wenye hasira. Wakuu wa mitaa wanajua tofauti hiyo, na wanapaswa kuwa wa kwanza kuzuia, neno likiwa bado ni mnong'ono, kabla halijawa mawe.

Familia nazo zina la kufanya. Watu wengi waliokimbia hawakupata kuwalilia wafu wao. Hakukuwa na matanga, hakukuwa na kaburi la kutazama, na mtu mzima akaambiwa ajikaze kwa ajili ya watoto. Amejikaza, na koo limejikaza pamoja naye. Hata mbali na nyumbani, hata bila mwili, jamaa wanaweza kuketi jioni moja, kulitaja jina la marehemu, kuimba na kulia. Hilo halimwondolei mtu vita. Linampa mahali pa kuweka uchungu ambapo si shingoni mwake wala si kwenye sahani ya mwenyeji wake.

Mwenye donge kooni akirudi leo nyumbani, swali la kumwuliza ni hili: chakula kinapita? Kama hakipiti, twende hospitali. Kama kinapita, keti, kunywa maji, utuambie yaliyokupata njiani.